Gawio au Faida ya Kuuza Hisa: Mwongozo Kamili wa Kodi kwa Mwekezaji wa Mombasa

Mwaka 2024, kampuni ya Amsons kutoka Tanzania ilipotangaza kununua hisa za kampuni ya saruji ya Bamburi kwa Sh65 kila moja, watu wengi wa Pwani waliokuwa wamezihifadhi kwa miaka na mikaka walijikuta na swali moja: nikiuza, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, atachukua ngapi? Na ningebaki nikila gawio, yaani fungu la faida ambalo kampuni huwagawia wanahisa, kila mwaka, angechukua ngapi?

Jibu fupi ni kwamba kwa hisa za Soko la Hisa la Nairobi, gawio hukatwa asilimia 5 na faida ya kuuza haikatwi kodi ya faida ya mtaji hata senti. Wengi huishia hapo, wakaamua basi kuuza ni bora kuliko kungoja gawio. Uamuzi huo mara nyingi si sahihi, na hesabu za chini zitaonyesha kwa nini. Kodi kwa mwekezaji mdogo wa soko la Nairobi ni nyepesi kuliko ada za dalali. Inapouma kweli ni pembeni: hisa zisizo sokoni, hisa za ng'ambo, na mtu aliyeandikishwa vibaya kwenye akaunti yake.

Viwango vilivyo hapa ni vya Kenya kama sheria ilivyosimama baada ya Sheria ya Fedha ya 2025. Kila Juni bunge huweza kuvigusa, kwa hiyo Julai ikifika chungulia tena.

Hatua ya kwanza: panga hisa zako kwa mafungu

Chukua karatasi. Fungu la kwanza ni hisa zilizoorodheshwa Nairobi: Safaricom, KCB, Equity, KenGen na wenzao. Hizi ziko kwenye akaunti yako ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hisa. Fungu la pili ni hisa za kampuni binafsi, ile kampuni ya klia na fowadi mliyofungua na binamu yako pale Kilindini, au kampuni ya jamaa yenye jumba la kupangisha Majengo. Fungu la tatu ni hisa za nje, zile ulizonunua kwa programu ya simu.

Usichanganye mafungu haya kamwe. Yana kodi tofauti kabisa, na mtu anayekwambia "hisa hazina kodi ya kuuza" anazungumzia fungu la kwanza peke yake, hata kama mwenyewe hajui.

Hatua ya pili: jua wewe ni nani mbele ya sheria

Gawio la mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki naye hukatwa 5. Mgeni asiye mkazi hukatwa 15. Kiwango hicho kilikuwa 10 hadi Aprili 2020, kikapandishwa.

Hili lina uzito Mombasa kuliko mahali pengi, kwa sababu ya mabaharia. Mtu anakaa miezi tisa melini, anarudi Likoni wiki chache, anaondoka tena. Je, ni mkazi? Sheria inasema ukiwa na makao ya kudumu Kenya na ukakanyaga nchini hata siku moja ndani ya mwaka, wewe ni mkazi mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu ndiye anayehesabiwa siku: 183 katika mwaka, au wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Kwa hiyo baharia mwenye nyumba na familia Likoni hana haja ya kuhesabu siku zake. Ni mkazi.

Shida hutokea kwenye karatasi. Akaunti ya CDS huandikishwa kwa herufi: LI kwa mtu wa ndani, EI kwa wa Afrika Mashariki, FI kwa wa kigeni. Mtu aliyefungua akaunti yake akiwa Dubai au Doha, akaandika anwani ya huko, aangalie asije akawa amewekwa FI. Taarifa ya CDS itakuonyesha. Ukiona herufi si zako, mwendee dalali na kitambulisho na PIN yako ya kodi, urekebishiwe kabla daftari la wanahisa, linaloamua nani alipwe, halijafungwa kwa gawio linalofuata. Kurekebisha kabla ni fomu tu. Kudai pesa zilizokwisha kukatwa na kupelekwa KRA ni safari nyingine.

Hatua ya tatu: fuata gawio lako kutoka kampuni hadi mfukoni

Kampuni ikipata faida, kwanza yenyewe hulipa kodi ya kampuni, asilimia 30. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Ikitangaza gawio, msajili wa hisa hukata asilimia 5 na kukutumia kilichobaki benki au kwa M-Pesa, na kampuni inatakiwa kuwasilisha makato hayo kwa KRA ndani ya siku tano za kazi. Kwa hiyo katika kila Sh100 za faida ya kampuni iliyolipa kodi kamili, 30 zimekwenda kabla hujasikia habari, na katika 70 zilizobaki, Sh3.50 zinakwenda ukiangalia. Mkononi unapata Sh66.50.

Hiyo asilimia 5 ni kodi ya mwisho. Maana yake gawio haliongezwi juu ya mshahara wako likapigwa viwango vya 30 au 35. Mwalimu, daktari na muuza samaki wa Kongowea wote hukatwa 5 ileile. Linganisha na riba ya akaunti ya benki, inayokatwa 15, au riba ya hatifungani ya kawaida ya serikali, ambayo ni 15 kwa ile ya chini ya miaka kumi na 10 kwa ya miaka kumi na zaidi. Kwa kodi tu, gawio ni mapato yaliyohurumiwa.

Kampuni inayomiliki asilimia 12.5 au zaidi ya nguvu za kura katika kampuni nyingine hailipi kodi kwa gawio kutoka huko. Hili ni la wenye makampuni, sisi wengine tupite.

Hatua ya nne: elewa faida ya kuuza

Kodi ya faida ya mtaji ilisimamishwa Kenya mwaka 1985, ikarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5. Madalali walilalamika kwamba hawana namna ya kuhesabu faida ya kila mteja kwa kila hisa, na hisa zilizoorodheshwa zikaondolewa tangu Januari 2016. Tangu Januari 2023 kiwango ni asilimia 15, lakini hisa zinazouzwa katika soko lililopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji bado zimesamehewa.

Msamaha huo una upande wa pili: ukipata hasara kwenye hisa za Nairobi, hasara hiyo haikusaidii popote. Huwezi kuitoa kwenye faida ya kiwanja ulichouza Mtwapa. Faida isiyotozwa kodi haina hasara inayotambuliwa.

Halafu kuna wale wanaonunua asubuhi na kuuza mchana, kila siku. Sheria hutenganisha faida ya mtaji na faida ya biashara. Mtu ambaye kazi yake ni kununua na kuuza, anayekopa ili afanye hivyo na hana riziki nyingine, anaweza kuambiwa hiyo ni biashara, na biashara hutozwa kwa viwango vya kawaida vya mapato, kuanzia 10 hadi 35. Mwenye hisa anazozishika mwaka na zaidi hana wasiwasi huo. Ukiwa wa kila siku, keti na mhasibu.

Hatua ya tano: piga hesabu ya pesa mkononi

Hapa ndipo pa kukaa.

Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Safaricom ilitoa gawio la Sh1.20 kwa hisa, senti 55 kwanza na senti 65 baadaye. Tuseme una hisa 2,000 ulizonunua kwa Sh20, jumla Sh40,000. Gawio la kwanza ni Sh1,100, wanakata 55, unapata 1,045. La pili ni Sh1,300, wanakata 65, unapata 1,235. Jumla mkononi ni Sh2,280. Kodi yote ya mwaka ni Sh120, sawa na asilimia 0.3 ya pesa ulizoweka.

Sasa chukua jirani yako mwenye hisa 2,000 kama zako, alizonunua siku moja nawe. Yeye hataki gawio, anataka bei ipande hadi Sh21.20 auze zote. Faida yake kwa macho ni Sh2,400, sawasawa na gawio lako kabla ya kodi. Kodi yake ni sifuri. Lakini kwa miamala midogo, ada zote kwa pamoja (dalali, soko, CDSC wanaoendesha akaunti za CDS, mamlaka na mifuko ya fidia) hufika takriban asilimia 2.1 kila upande. Kununua Sh40,000 kulimgharimu 840. Kuuza Sh42,400 kunamgharimu 890.40. Toa hizo Sh1,730.40 kwenye 2,400, anabaki na Sh669.60.

Wewe uliyekatwa kodi una 2,280 na hisa zako bado unazo. Yeye ambaye hakukatwa ana 669.60. Mwenye haki ataniambia: nawe ulilipa 840 ulipoingia. Kweli, lakini wewe ulilipa mara moja na gawio litakuja mwaka baada ya mwaka. Yeye kila akirudi sokoni analipa upya. Kwa ada hizo, bei inabidi ipande takriban asilimia 4.3 ndipo mtu arudishe mtaji tu.

Tuwe waadilifu kwa upande wa pili pia. Ukihitaji karibu Sh2,400 za karo na bei iko Sh21.20, unaweza kuuza hisa 114, upate Sh2,416.80, ada yake takriban Sh51. Hiyo ni chini ya Sh120 za kodi ya gawio. Kwa hiyo mtu wa kampuni isiyotoa gawio, inayorudisha faida yake kwenye biashara, hapotezi kitu kwa upande wa kodi. Anauza kipande kidogo anapohitaji. Hoja ni idadi ya mara unazoingia na kutoka. Uliza pia kama dalali wako ana ada ya chini kabisa kwa kila muamala, maana ikiwa ni Sh100, nafuu ya kuuza hisa 114 karibu yote inakwisha.

Mchezo mmoja ninaouona sana, na sina subira nao: kuvizia gawio. Mtu anasikia benki fulani imetangaza Sh3, ananunua siku ya mwisho yenye haki ya gawio hilo, anapanga kuuza siku ya pili. Hisa ikishatoka kwenye haki ya gawio, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Kwa hiyo anapokea Sh2.85 baada ya kodi, anapoteza karibu Sh3 kwenye bei, na analipa ada mara mbili. Amejinunulia kodi.

Hatua ya sita: hisa zisizo sokoni

Hapa mizani inapinduka. Ukiuza hisa za kampuni binafsi, kodi ni asilimia 15 ya faida halisi, na mnunuzi naye hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Gawio kutoka kampuni hiyohiyo bado ni 5.

Mfano. Ulinunua asilimia 20 ya kampuni ya klia na fowadi kwa Sh500,000, ukalipa stempu 5,000. Leo unapata mnunuzi wa Sh900,000, na wakili anataka 20,000. Bei ya kuuza baada ya wakili ni 880,000. Gharama yako ni 505,000. Faida halisi ni 375,000, na asilimia 15 yake ni Sh56,250.

Sasa tuseme kampuni ina faida ya miaka iliyopita iliyolala benki, tayari imelipiwa kodi ya kampuni. Wakurugenzi wakigawa Sh1,000,000 kwa wanahisa wote kabla ya mauzo, fungu lako ni 200,000, unakatwa 10,000. Kampuni imepungua thamani, kwa hiyo mnunuzi anakulipa 700,000. Toa wakili, toa 505,000, faida ni 175,000, kodi Sh26,250. Jumla ya kodi zako mbili ni Sh36,250, yaani Sh20,000 chini ya njia ya kwanza.

Masharti mawili. La kwanza, gawio ligawiwe wanahisa wote kwa mafungu yao, si wewe peke yako. La pili, faida hiyo iwe kweli imelipiwa kodi. Kampuni ikigawa faida ambayo haikutozwa, inadaiwa kodi kwa kiwango cha kampuni juu ya gawio hilo, na wenzako hawatakushukuru. Na ukitangaza gawio wiki moja kabla ya kusaini mauzo, tarajia kuulizwa. Fanyeni mapema, kwa azimio la bodi lililoandikwa, na fedha zipite benki.

Kodi ya faida ya mtaji huijaza mwenyewe kwenye iTax, tovuti ya KRA. Hakuna msajili wa kukukatia. Hulipwa pale unapopokea bei yote au uhamisho unaposajiliwa, lolote litakalotangulia. Hasara ya fungu hili, tofauti na ya Nairobi, inaweza kubebwa na kutolewa kwenye faida nyingine ya mtaji inayotozwa kodi, mwaka huo au unaofuata. Kwa hiyo hata ukiuza kwa hasara, usitupe karatasi.

Hatua ya saba: hisa za ng'ambo

Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mtu asiye mkazi wake ambaye nchi yake haina mkataba nao wa kodi. Kenya haina. Gawio la dola 100 linafika likiwa dola 70. Lakini faida ya kuuza hisa, kwa mtu huyo asiye mkazi, Marekani haiitozi. Tofauti ni 30 dhidi ya 0, si 5 dhidi ya 0 kama nyumbani. Kwa fungu hili basi, kampuni zinazokua bila kutoa gawio kubwa zina maana zaidi kwa Mkenya. Hakikisha umejaza fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani, kwenye programu yako, na kwamba nchi uliyoandika ni Kenya.

Mjomba wako aliyehamia Minnesota yuko chini ya kanuni nyingine kabisa. Mkazi wa Marekani aliyeshika hisa zaidi ya mwaka mmoja hutozwa na serikali kuu asilimia 0, 15 au 20 kulingana na mapato, na magawio mengi ya kawaida huingia kwenye viwango hivyohivyo. Akikushauri kwa simu, anakushauri kwa sheria yake.

Uingereza haikati kodi kwenye gawio la hisa za kawaida. Tanzania hukata 5 kwa kampuni iliyoorodheshwa Dar es Salaam na 10 kwa isiyoorodheshwa.

Kwa Kenya, kodi ya faida ya mtaji inahusu mali iliyoko nchini. Hilo halimwokoi yule wa kununua na kuuza kila siku niliyemtaja juu. Biashara inayoendeshwa kutoka chumbani Nyali ni biashara ya Kenya hata kama bidhaa yake iko New York.

Hatua ya nane: karatasi na ritani

Weka faili moja. Ndani yake: noti za mikataba za kila kununua na kuuza, taarifa ya CDS ya Desemba, na hati ya kila gawio inayoonyesha jumla, kodi iliyokatwa na kilichobaki. Ingia iTax uone kama makato ya gawio yameandikwa kwenye PIN yako. Kama hayapo, mara nyingi ni kwa sababu msajili ana PIN isiyo sahihi au hana kabisa.

Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato yako kwa KRA, hufungwa Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kuchelewa ni faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi, lipi kubwa. Mwenye mshahara na gawio asijaze ritani ya sifuri kwa kuwa "kodi yote imeshakatwa". Mshahara bado unatangazwa. Ukikwama, Huduma Centre ya Posta, Digo Road, ina meza ya KRA. Nenda mapema mwezi. Wiki ya mwisho ya Juni foleni haina mwisho.

Hatua ya tisa: hisa za marehemu

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina vyeti vya hisa vya babu ndani ya kabati, na gawio lake halijadaiwa tangu afariki. Gawio lisilodaiwa kwa muda uliowekwa na sheria hupelekwa kwa mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA. Halipotei, na linadaiwa na warithi, lakini bila riba na bila haraka.

Anza kwa mahakama: Waislamu huweza kwenda kwa Kadhi, wengine mahakama ya kawaida, mpate hati ya mirathi inayotaja hisa hizo kwa jina la kampuni na idadi. Hati isiyotaja hisa itarudishwa na msajili. Kisha hisa zihamishwe kwenye akaunti za CDS za warithi, kila mmoja na PIN yake, na mkiwa hapohapo ulizeni magawio ya nyuma yako wapi: kwa msajili, au yalishapelekwa UFAA. Gawio litakalokuja baada ya hapo litakatwa asilimia 5 kwa kila mrithi aliye mkazi. Mrithi aliyeko ughaibuni aangalie herufi alizowekewa kwenye akaunti kabla ya kusaini.